Loki Nne na Ufunguo Uliomegeka Meno

Golf ya kizazi cha tano ilikuwa imeegeshwa pembeni mwa barabara ya vumbi Tabata, tairi la mbele kushoto limelala. Mwenye gari ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya usiku. Akafumbua kiganja akanionyesha kisoketi cha chuma, kifupi kuliko kidole gumba.

"Fundi, ufunguo wenyewe ndio huu. Wamesema haushiki tena."

Nikaugeuza kwenye mwanga. Mdomoni mwake palitakiwa pawe na ukuta mwembamba wa chuma uliojipinda kama njia ya nyoka, unaoingia kwenye mfereji uliochongwa usoni mwa boliti. Ukuta ule ulikuwa umemegeka sehemu mbili, na kipande kilichobaki kimelala upande. Fundi wa pancha alikuwa ameuchomeka kwenye bunduki ya upepo akabonyeza. Kazi ya sekunde 3, na gari likabaki na magurudumu manne yasiyotoka.

Kwa waliozoea Toyota, tofauti ni hii. Toyota ina stadi zilizotokeza kwenye habu, rimu inavishwa juu yake, kisha nati zinafungwa. Golf haina stadi. Boliti yenyewe inapita kwenye rimu na kuingia moja kwa moja ndani ya habu, tano kwa kila gurudumu, unene wa milimita 14, kichwa cha spana 17. Mwenye gari anayeogopa wezi wa rimu huondoa boliti moja kila gurudumu na kuweka ya loki, ambayo haina pembe sita. Kichwa chake ni mviringo mtupu, na mchoro wa usoni haufanani na wa jirani. Anayeuza loki hutoa pia kadi yenye namba ya mchoro, ili ufunguo ukipotea uagizwe mwingine. Gari hili lilishapita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika hapa, na kadi haikujulikana iliko. Loki zenyewe hazikuwa za kiwandani, kwa hiyo hata namba ya chasisi isingetusaidia.

Kijana ninayefanya naye kazi alishashika tindo na nyundo. "Mzee, tuipige pembeni izunguke, tumalize." Nikamwambia arudishe kwenye boksi. Katika kazi hii madhara makubwa hutokea dakika 5 za mwanzo, na hutokea kwa sababu mtu anapigana na kichwa cha boliti kabla hajajiuliza ni nini kinachoishikilia.

Tupige hesabu kidogo, maana ndiyo iliyoamua kila tulichofanya siku ile. Boliti ya Golf hii hukazwa kwa newtoni-mita 120. Ukitumia mpini wa nusu mita, huo ni msukumo wa kama kilo 24, nusu mfuko wa saruji. Lakini ukuta wa ufunguo wa loki hauko nusu mita kutoka katikati, uko kama milimita 10 tu. Msokoto ule ule wa 120 ukiubeba kwa umbali wa milimita 10 unakuwa newtoni 12,000, sawa na kuning'iniza uzito wa tani 1 na robo kwenye kiukuta chembamba kama kucha. Kwenye boliti ya kawaida mzigo huo unagawanywa kwenye pande sita zenye kina cha kutosha. Kwenye loki unabebwa na mchoro wenye kina cha milimita chache. Boliti iliyokaa miaka na kutu inadai msokoto mkubwa kuliko ule iliokazwa nao, na bunduki ya upepo inaweza kutoa newtoni-mita 500 na zaidi, tena kwa mapigo. Ufunguo ukiwa umeingia nusu, au vumbi la breki limejaa kwenye mfereji, hauna namna ya kupona.

Sasa tazama upande wa pili. Boliti iliyokazwa inavutika kidogo sana, kama mpira mgumu, na mvuto huo unaibana rimu kwenye habu kwa nguvu ya takriban tani 4. Katika msokoto wote unaotumia kukaza, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa, pale kinapokutana na rimu. Kama asilimia 40 inaliwa na hesi, na kinachobaki, sehemu ndogo tu, ndicho kinachofanya kazi ya kubana. Maana yake boliti haijagandishwa na hesi peke yake. Adui mkubwa yuko shingoni. Ukiweza kuondoa mvuto ule wa tani 4, kwa njia yoyote, vyote viwili vinalegea kwa pamoja. Hilo nilimrudia yule kijana mara mbili, na mchana ule tulilishuhudia kwa macho.

Jambo la kwanza lilimshangaza: tulikaza. Yule wa pancha alikuwa ameshalegeza boliti nne za kawaida na kuiacha loki ya mwisho, na hapo mzigo wote wa kubana gurudumu ukabaki kwenye boliti moja, ikilaliwa upande na uzito wa gari. Watengenezaji wa loki huelekeza kinyume chake: loki itoke ya kwanza na ifungwe ya mwisho, kwa mkono, bila bunduki. Tukajaza tairi upepo wa muda lisimame sawa, tukarudisha zile nne na kuzikaza sawasawa. Zikibana vizuri, loki inapumua.

Kisha tukaliacha gurudumu lile. Kijana alidhani nimechoka. Mimi nilitaka kuanza na loki tatu ambazo hazijaguswa na mtu, kwa sababu hata hizo ufunguo wake ulishakufa na lazima zitoke siku hiyo hiyo, na kwa sababu boliti nzima ikishatoka ndiyo ramani ya ile iliyoharibika. Utaujua urefu wake, unene wa kichwa chake, umbo la shingo yake. Ukianza na mbovu unatoboa gizani.

Tulisugua uso wa kila loki kwa brashi ya waya, tukapuliza mafuta ya kutu pembeni mwa kichwa ili yateremke hadi shingoni, tukasubiri nusu saa huku dada muuguzi akisinzia kwenye kiti cha plastiki dukani. Chombo tulichotumia ni soketi ya kung'olea. Kwa nje ni soketi ya kawaida, lakini kwa ndani ina meno makali yaliyojisokota kuelekea kushoto, hivyo kadiri unavyofungua ndivyo inavyozidi kung'ata. Tulipima kichwa cha loki kwa kalipa, tukachagua soketi ndogo kidogo kuliko kichwa, tukahakikisha ukuta wake unapita kwenye tundu la rimu bila kukwaruza. Tulichunguza pia kama loki ina pete inayozunguka yenyewe nje ya kichwa. Zipo za namna hiyo, na ukiing'ata pete utazungusha mpaka jioni bila boliti kusogea. Hizi zetu hazikuwa nayo.

Nyundo ya kilo 1, mapigo matano yaliyonyooka, tairi likiwa chini. Si ishirini. Kila pigo linafika kwenye beringi ya gurudumu, na beringi haisahau. Mapigo machache mazito yanasaidia hata zaidi ya kuingiza soketi, kwa sababu mtikisiko unavunja kutu shingoni. Baada ya hapo mpini mrefu, kijana akishikilia soketi isiiname, mimi nikisukuma polepole kwa uzito wa mwili bila kushtua. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu ukasikika mlio mmoja mkavu, kama kijiti kikavu kinachovunjika, na mpini ukashuka robo duara. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Tatu zote hazikutuchukua saa nzima.

Hapo ndipo tulipojua kwa nini zilikuwa ngumu kiasi kile. Boliti za Golf za kiwandani zina shingo ya duara, kama nusu ya gololi, na tundu la rimu limechongwa duara hilo hilo ili vikae uso kwa uso. Loki hizi zilikuwa na shingo ya koni. Koni ikikaa kwenye bakuli la duara inagusa mstari mmoja mwembamba tu, na ile nguvu ya tani 4 inaangukia pale. Kwa miaka ilikuwa imejichimbia kwenye aluminiamu ya rimu na kuacha pete ya mkwaruzo niliyoweza kuisikia kwa ukucha. Ongeza unyevu wa chumvi wa mji wa pwani, ambamo chuma na aluminiamu vikigusana hutengeneza unga mweupe unaogandisha kama gundi. Aliyeziuza alitazama hesi zikaingia, akaridhika. Hilo linaniudhi kuliko hata bunduki ya upepo, kwa sababu gari lilitembea miaka yote likiwa na boliti nne zisizokaa sawa, na hakuna aliyejua.

Tukarudi kwa mgonjwa wetu wa mbele kushoto. Soketi ya kung'olea iliingia, ikang'ata, halafu ikateleza. Ukingo wa kichwa ulikuwa umeshapigwa tindo sehemu tatu kabla hatujafika, na ulichokuwa unafanya sasa ni kumenyeka kama muwa.

Kulikuwa na njia ya kuchomelea nati juu ya kichwa. Ni njia nzuri, na mara nyingi joto lake peke yake linaachisha kutu. Lakini juu ya rimu ya aloi, sentimita chache kutoka kwenye waya wa kihisio cha ABS, sipendi kuianza. Anayelazimika aondoe nyaya za betri, na abane ethi karibu kabisa na anapochomelea, upande wa gurudumu, ili umeme usipite kwenye beringi. Ukipita unaacha vidoa vya kuungua kwenye gololi, na gari linaanza kuvuma wiki mbili baadaye bila mtu kukumbuka sababu.

Tulichagua drili. Na hapa ramani yetu ikafanya kazi: tulichukua loki moja nzima, tukapima kutoka usoni hadi pale koni inapoishia na mwili wa boliti kuanza, tukapata milimita 19. Nikafunga utepe wa plasta kwenye kila biti kwa kipimo hicho. Lengo halikuwa kuitoboa boliti yote. Lengo lilikuwa kukitenganisha kichwa na mwili wake.

Uso wa loki umekomazwa uwe mgumu dhidi ya wezi, na biti ya kawaida inateleza juu yake ikilia tu. Biti ya kobalti, mwendo wa chini kabisa, mkandamizo wa kutosha, mafuta kidogo kidogo. Milimita ya kwanza ilituchukua dakika 10. Mfereji wa mchoro ulikuwa unaivuta biti pembeni, kwa hiyo nilisawazisha katikati kwanza kwa grenda ndogo ya jiwe, nikapiga alama ya kati, nikaanza na biti ya milimita 5. Ngozi ngumu ilipoisha mlio ulibadilika. Ule ukali ukawa mvumo mzito, na chuma kikaanza kutoka kwa nyuzi ndefu za kujikunja badala ya vumbi. Tukapanda hadi 8, 10, 12, mwisho 14. Miwani haikutoka machoni, ya kijana wala yangu.

Biti ya 14 ilipokaribia utepe, kichwa kilizunguka nayo ghafla. Kilikuwa kimebaki pete tupu imeivaa biti. Tukapandisha jeki, tukafungua zile nne, gurudumu likatoka mikononi mwetu. Kwenye habu kilibaki kisiki cha boliti kimetokeza kama sentimita moja na nusu, kimechimbika kidogo juu.

Kijana akaleta plaizi ya kujifunga, amejiandaa kuvuta kwa mikono miwili. Nikamwomba ajaribu kwanza kwa vidole. Akanitazama kama namtania. Akashika kisiki kwa vidole viwili na kidole gumba, akakizungusha, nacho kikazunguka. Boliti iliyokataa ufunguo, bunduki, tindo na soketi ya kung'olea ilitoka kama kizibo cha chupa ya soda iliyokwisha kufunguliwa. Mvuto ulikuwa umekwenda na kichwa.

Tulisafisha hesi za habu kwa brashi, tukafunga boliti mpya nne za kawaida zenye shingo ya duara, tairi likazibwa, kila boliti ikakazwa kwa spana ya kupimia hadi ikalia kwenye 120. Nikamwambia dada arudi baada ya kilomita 50 tukazihakiki.

Alirudi siku ya tatu. Boliti za magurudumu matatu hazikusogea hata kidogo. Kwenye lile la mbele kushoto, boliti iliyochukua nafasi ya loki ilikubali nusu ya upana wa kidole kabla spana haijalia. Tundu lile ndilo lililokuwa limechimbwa zaidi na koni, shingo ya duara ilikuwa bado inatafuta pa kukaa. Nilimwonyesha pete ya mkwaruzo kwa tochi, akaipapasa mwenyewe kwa ukucha. Jumamosi yake tulikwenda Ilala kutafuta rimu moja ya kufanana.