Msumbiji 1992–1994: Bunduki Kwanza, Kura Baadaye

Mwishoni mwa Septemba 1992 Waangola walipiga kura huku majeshi mawili yakiwa bado na silaha mkononi. Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, alipoona ameachwa nyuma aliyakataa matokeo, na kabla Oktoba haijaisha mapigano yalikuwa yamefika mitaa ya Luanda. Katikati ya mkasa huo, tarehe 4 Oktoba, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, walitia saini mkataba wa amani jijini Roma, kwa usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Vita vyao vilikuwa vimeua watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na Malawi peke yake ilikuwa na wakimbizi wapatao milioni moja.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umepeleka Angola waangalizi wa kijeshi 350 tu. Kwa Msumbiji haukutaka kurudia kosa. Azimio namba 797 la Baraza la Usalama, la tarehe 16 Desemba 1992, lilianzisha kikosi cha ONUMOZ, na mpango ukawa kupeleka askari kati ya 7,000 na 8,000. Kazi yao kubwa ilikuwa kulinda njia kuu, hasa ushoroba wa Beira unaoiunganisha Zimbabwe na bahari, ili majeshi ya Zimbabwe na Malawi yaliyokuwa yakizilinda yaondoke. Lakini wingi wa askari hauelezi mafanikio ya amani ya Msumbiji. Yaliyoamua ni mambo matatu: uenyekiti, ratiba na fedha.

Tuanze na uenyekiti. Angola tume ya kusimamia mkataba ilikuwa mikononi mwa mahasimu wenyewe, Umoja wa Mataifa ukikaa pembeni. Msumbiji kiti kilikaliwa na mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu, Mwitaliano Aldo Ajello. Upande mmoja ukigoma kuhudhuria, alikuwapo mtu mwenye mamlaka ya kuufuata na kuubana.

Pili, ratiba. Uchaguzi ulipangwa kufanyika Oktoba 1993. Mwaka huo ulipofika, hakuna askari hata mmoja aliyekuwa ameingia kambini. Badala ya kulazimisha tarehe, uchaguzi ulisogezwa mbele mwaka mzima na sharti likawa moja: majeshi yavunjwe kwanza. Kambi 49 za kukusanyia wapiganaji zilianza kufunguliwa mwishoni mwa Novemba 1993, 29 za serikali na 20 za Renamo. Wapiganaji zaidi ya 90,000 waliandikishwa, na karibu 78,000 wakarejeshwa uraiani.

Fedha ndizo zilizoizungusha mashine yote, tena kwa njia mbili. Ya kwanza ilimlenga mpiganaji wa kawaida. Aliyesalimisha bunduki alichagua wilaya ya kwenda kuishi, akasafirishwa, akalipwa na serikali kiinua mgongo cha miezi sita, kisha wafadhili wakamwongezea posho ya miezi 18. Posho hiyo haikutolewa kwa mkupuo. Aliifuata kwa awamu kwenye tawi la benki katika wilaya aliyoichagua, maana yake kwa miaka miwili alikuwa na sababu ya kubaki kijijini badala ya kurudi porini. Mpango ulipendwa kuliko waandaaji walivyotarajia: katikati ya 1994 wapiganaji wa pande zote mbili walifanya fujo kambini wakidai waachiliwe haraka. Jeshi jipya la pamoja lililokusudiwa kuwa na watu 30,000 liliishia kuwa na 12,000 hivi, kwa kuwa wengi walishachoka na magwanda.

Njia ya pili ilimlenga Dhlakama mwenyewe. Mapema 1993 Renamo walikuwa wamesusia tume wakilalamikia nyumba na usafiri mjini Maputo. Ajello alifungua mfuko maalumu wa kuwageuza waasi kuwa chama cha siasa, na humo Dhlakama akawa anapata dola 300,000 kwa mwezi. Walioita hilo hongo hawakukosa hoja. Ila lilimpa Dhlakama kitu cha kupoteza. Alipotangaza kususia uchaguzi katika mkesha wa kura, Oktoba 1994, hakuwa tena na jeshi la kutosha kurudi vitani. Shinikizo la marais wa nchi jirani na mabalozi lilimrudisha baada ya siku moja, na upigaji kura ukaongezwa siku ya tatu. Chissano alipata asilimia 53, Dhlakama 34. Bungeni Frelimo, chama cha Chissano, walichukua viti 129 na Renamo 112.

Mpango huo haukuziba kila mwanya. Posho ilimlipa mtu mmoja mmoja. Haikujibu swali la mgawanyo wa madaraka, na mshindi alichukua serikali yote. Ukaguzi wa maghala ya silaha uliachwa hadi miezi ya mwisho, ONUMOZ ikiwa inafungasha virago, na Renamo wakabaki na walinzi wenye bunduki. Mwaka 2013 risasi zililia tena. Ulihitajika mkataba mwingine, wa Agosti 2019, na kazi ya kuwarejesha uraiani wapiganaji zaidi ya 5,000 wa Renamo ilikamilika Juni 2023. Kwa hiyo anayetaka kuiga Msumbiji aige mpangilio wake, bunduki kabla ya kura, lakini maghala ayakague mapema, wakati askari wa kulinda amani bado wapo na wafadhili bado wanalipa.