Maiti ya Nani? Ufunguzi wa Riwaya ya Upelelezi kutoka Mzimuni hadi Kibera

Wahakiki wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili aghalabu huupima ufunguzi kwa kipimo kimoja: kasi ya taharuki. Maiti ikionekana mapema, mwandishi husifiwa, ikichelewa, hulaumiwa. Makala haya yanakipinga kipimo hicho. Kinachomnasa msomaji si maiti yenyewe, bali swali ambalo maiti hiyo inaruhusiwa kuuliza. Na si kila maiti hupewa ruhusa hiyo.

Mwaka 1966 Tzvetan Todorov alieleza kwamba riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili: ya uhalifu, ambayo imekwisha kutokea na imefichwa, na ya upelelezi, inayoifichua ile ya kwanza. Hadhira ya Waswahili iliufahamu muundo huu kabla ya kuandikwa riwaya. Mtegaji wa kitendawili anajua jibu na kulificha. Mteguaji hutapatapa, na akishindwa hutoa mji. Lakini kitendawili kina sharti: kinachofichwa lazima kiwe kitu ambacho pande zote mbili zinakijua. Kitendawili kuhusu kitu kisichojulikana na mteguaji si fumbo, ni uonevu. Sharti hilo ndilo msingi wa ufunguzi wa riwaya ya upelelezi pia.

Muhammed Said Abdulla alilizingatia sharti hili katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa amekufa mzimuni. Hapana shaka kwamba mauaji yanashtua, lakini nguvu ya mwanzo huu imo katika mahali. Msomaji wa Unguja anajua mzimu ni nini na watu huuogopa kwa nini. Kwa hiyo anakabiliwa na maswali mawili kwa mpigo: nani ameua, na je, ni mkono wa binadamu? Bwana Msa, mwenye kiko chake, anaweza kulinganishwa na Sherlock Holmes, na wahakiki wengi wamefanya hivyo. Lakini swali la pili halikutoka London. Limetoka kisiwani.

Faraji Katalambulla naye, katika *Simu ya Kifo* (1965), aliikabidhi anwani kazi ya ufunguzi. Simu, wakati huo chombo cha ofisi na cha wenye nafasi, inageuzwa mjumbe wa mauti. Msomaji amekwisha kunaswa kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza.

Hata hivyo, nafasi ndilo neno linalostahili kuzingatiwa. Marehemu wa Abdulla ni tajiri, na mauti ya Katalambulla huja kwa chombo cha wachache. Kifo cha mwenye mali huzaa maswali bila jitihada: nani atarithi, nani alimwonea kijicho, nani alimdai? Maskini hana urithi wa kugombewa, na kwa hiyo kifo chake hakielekei kuwa fumbo.

Tatizo hili linadhihirika zaidi katika *The Constant Gardener* (2001) ya John le Carré, ambayo filamu yake ya 2005 ilipigwa kwa sehemu Kibera. Riwaya inafunguka kwa habari inayoufikia Ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi: Tessa, mke wa mwanadiplomasia, ameuawa karibu na Ziwa Turkana. Dereva Mwafrika ameuawa pamoja naye, lakini kifo chake hakiwi swali linaloendesha msuko. Wanza, mwanamke maskini aliyepewa dawa iliyokuwa ikijaribiwa, anafika kwa msomaji kama dokezo la kumfumbulia kifo cha Tessa. Le Carré anawatetea maskini kwa dhati, na hasira yake dhidi ya makampuni ya dawa ni ya kweli. Lakini umbo la ufunguzi wake linapingana na maudhui yake: linalaani thamani isiyo sawa ya maisha huku likiitegemea ili kumnasa msomaji.

Je, ufunguzi ungekuwaje iwapo maiti ingekutwa Kambi Muru, kijiji kimojawapo cha Kibera, na ikawa ya muuza maji? Mbinu ya chumba kilichofungwa haingefaa. Katika vyumba vya futi kumi kwa kumi, vilivyotenganishwa kwa mabati au udongo, kikohozi cha jirani husikika, sembuse ukelele. Hapa fumbo halingekuwa "nani ameua?" Huenda ploti nzima inajua. Swali lingekuwa: kwa nini wote wamenyamaza, na ni nani anayenufaika na kimya hicho? Swali hili linatimiza sharti la kitendawili, kwani mkazi wa Kibera au Kawangware anakijua kimya hicho kama msomaji wa Abdulla alivyoujua mzimu.

Kwa mintarafu hii, mwandishi chipukizi hahitaji kuongeza damu katika ukurasa wa kwanza. Anahitaji kuamua ni kifo cha nani kitakachohesabiwa kuwa fumbo. Uamuzi huo ni wa kisanaa na wa kimaadili kwa wakati mmoja, na hufanywa kabla mpelelezi hajaingia.