Barafu ya nazi ya Kifilipino, jikoni Bunia: inatafunika!

Inatafunika! Hilo ndilo la kwanza kulisema, na ningelisema kwa kipaza sauti kama ningekuwa nacho. Barafu ya nazi ya mtindo wa Kifilipino, iliyotengenezwa hapahapa Bunia, mashariki mwa Kongo, kwa nazi kavu na wanga wa muhogo, haiumizi jino, haigeuki jiwe, haikulazimishi kuinyonya mpaka mdomo ufe ganzi. Unaikata kwa meno ya mbele nayo inakubali. Kwanza unakutana na mafuta ya tui, laini, halafu sukari, halafu nazi yenyewe inapanda puani na kukaa. Nimetoka kuitoa kwenye friza sasa hivi na bado vidole vinanata. Jamani, kitu hiki tulikuwa wapi bila yake?

Kwa asiyeijua: Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, ya pili duniani kwa kuzalisha nazi baada ya Indonesia, na joto lake ni la kutoa jasho usiku na mchana. Watu wake wameifanyia nazi kila kinachofanyika, na kuigandisha ni mojawapo ya mambo wanayoyafanya vizuri kupita kiasi. Wana aiskrimu ya mitaani iitwayo sorbetes, inayosukumwa kwenye mikokoteni ya rangi kali huku muuzaji akipiga kengele, ambayo tangu zamani hutiwa tui la nazi au maziwa ya nyati wa majini. Wana ice buko, ya kijiti, yenye nyuzi za nyama ya dafu ndani. Na wana ice candy, hiyo ndiyo iliyoniteka mimi: mchanganyiko unamiminwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, upana kama sentimita 4 na urefu kama 25, unafungwa fundo, unalazwa kwenye friza ya nyumbani. Asubuhi mama mwenye nyumba anabandika karatasi mlangoni kwamba barafu ipo, watoto wanakuja na sarafu, wanang'ata kona ya mfuko na kuondoka wakinyonya.

Mtu wa Mombasa au Unguja atasema hiyo ni ashkrimu tu, tumekua nayo, ya ukwaju, ya ubuyu, ya embe. Ni kweli, ni ndugu. Hata sisi Bunia tunagandisha juisi kwenye sasheti, na watoto wa shule wanazijua vizuri kuliko masomo yao. Lakini shika moja ya juisi mkono huu na moja ya Kifilipino mkono huu, uonje kwa zamu. Ile ya juisi ukiinyonya mara chache rangi na sukari vinatoka vyote, linabaki bonge jeupe la maji. Ya Kifilipino ina ladha ileile kuanzia fundo hadi mwisho wa mfuko. Kwa nini? Kwa sababu imepikwa!

Ndiyo, barafu inayopikwa. Hapo ndipo penye siri yote, na ndipo nilipopagawa. Maji matupu yanapoganda yanajenga fuwele kubwa zenye makali, na yanasukuma sukari na ladha pembeni. Wafilipino wanatia wanga kidogo, wanaupika mpaka uwe uji mwepesi, na ule uji unayashika maji yasijikusanye. Fuwele zinabaki ndogo, mafuta ya tui yanajaza nafasi katikati, na sukari nayo inazuia sehemu ya maji kuganda kabisa. Siku hizi wengi huko hutumia wanga wa mahindi, lakini katika sorbetes umo pia unga wa muhogo. Muhogo! Katika mji ambao fufu haikosekani mezani, mimi niliposikia hivyo niliinuka kwenye kiti.

Na wanga wa muhogo si mbadala wa kujifariji. Kwa kazi hii ni bora kuliko wa mahindi, na sababu yake inajulikana. Wanga wa mahindi una amilosi nyingi zaidi, zile nyuzi ndefu ambazo uji ukipoa zinakazana na kukamua maji nje. Ndiyo maana uji wa mahindi uliogandishwa ukayeyuka hutoa maji juu na kubaki na chembechembe. Wanga wa muhogo una amilosi kidogo, kwa hiyo unavumilia kuganda, kulegea na kuganda tena. Sasa fikiria friza ya Bunia. Umeme una saa zake, sola nayo inategemea mawingu, na friza iliyolala usiku mzima bila moto ni jambo la kawaida. Barafu ya juisi ikipitia hayo inatoka imejaa vioo. Hii ya muhogo ilipitia usiku wa namna hiyo kwangu ikalegea, moto uliporudi ikakaza, na bado ikang'atika! Nilipiga kofi mwenyewe jikoni.

Tahadhari moja tu hapo, na naisema kwa uzito. Kulegea ni kitu kimoja, kuyeyuka kabisa na kupata uvuguvugu ni kitu kingine. Tui huharibika haraka. Likishapata joto usiligandishe tena, limwage, kwa maana baridi haiui vijidudu, inawalaza tu. Na kwa mji wetu, unaokijua kipindupindu kutoka upande wa Ziwa Albert, hii ni sifa nyingine ya barafu ya kupikwa: maji yake yamechemka kabla ya kufika kwenye mfuko wa mtoto.

Haya, kazi yenyewe. Kwanza wanga, maana unga wa fufu haufai, una harufu ya kuchachuka na nyuzi nyingi. Chukua muhogo mtamu mbichi, menya, osha, kwangua kwenye kikwangulio, changanya na maji mengi, chuja kwa kitambaa safi. Yale maji ya maziwa yaache yatulie kwenye beseni. Baada ya saa chache wanga umelala chini, mweupe na mgumu, ukiubonyeza unalia chini ya kidole. Mwaga maji ya juu, tia mengine, acha utulie tena, mwaga, anika. Mihogo michache inakupa wanga wa barafu nyingi.

Nazi ndiyo ghali, na hatuna la kufanya. Bunia iko juu, karibu mita 1,275, na mnazi unapenda pwani. Dafu halisafiri vizuri kiasi hicho, kwa hiyo tunafanya kazi na nazi kavu. Chagua iliyo nzito, itikise usikie maji, angalia yale macho matatu yasiwe na ukungu. Mbuzi ya kukunia si kifaa cha nyumba za kwetu, kikwangulio kilekile cha muhogo kinatosha. Maji yote ya kukamulia yawe yamechemshwa. Mkamuo wa kwanza, kwa maji kidogo ya moto, unakupa tui zito. Liweke pembeni. Mkamuo wa pili na wa tatu unakupa tui jepesi, na yote pamoja yafike kama lita moja.

Tui jepesi linaenda sufuriani na sukari gramu 150, vijiko viwili vya mezani vya wanga uliokorogwa kwanza kwenye maji baridi, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Moto wa makaa uwe wa kiasi. Koroga bila kuacha, na sikiliza mkono wako. Mwanzoni mwiko unapita kama hakuna kitu, sufuria nzima nyeupe kama chokaa. Halafu, kabla hata haijachemka, karibu nyuzi 65, mwiko unakuwa mzito ghafla. Weupe wa unga unapotea, uji unang'aa, unaacha njia nyuma ya mwiko na njia inajifunga polepole. Hapo ndipo moyo unaruka! Uache uchemke dakika mbili, kisha mimina tui zito, koroga mpaka litake kuchemka, na epua. Ukilichemsha sana litakatika, mafuta yatapanda juu.

Onja. Inatakiwa iwe tamu kupita unavyopenda, kwa sababu baridi inaufanya ulimi usisikie sukari vizuri. Ipoe kabisa. Sehemu ya juu ya chupa ya maji iliyokatwa ni faneli nzuri ya kumiminia. Acha vidole viwili vya nafasi juu, toa hewa, sokota, funga fundo, lalisha mifuko kwa safu moja ili yote igande sawasawa. Usipopatikana mfuko mwembamba, vikombe vidogo vya chuma na kijiti vinafanya kazi nzuri sana, tena vinaganda haraka. Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, ambako mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017 na 2019, mimi ningekwenda na vikombe moja kwa moja.

Huna friza? Usiondoke. Wafilipino walikuwa na aiskrimu kabla ya friza za nyumbani, kwa chombo kiitwacho garapinyera: silinda ya chuma ndani ya ndoo ya mbao, na katikati barafu na chumvi. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke ikiwa na baridi kali chini ya sifuri, na kwa uwiano wa sehemu moja ya chumvi kwa tatu za barafu baridi inaweza kukaribia nyuzi 21 chini ya sifuri. Sufuria ndogo yenye mfuniko ndani ya ndoo, bonge la barafu lililopondwa, chumvi ya jikoni, na mkono wa kuizungusha. Ukikwangua kuta za sufuria kila mara unapata aiskrimu laini kuliko ile ya mfuko. Watoto wanagombania kuzungusha, waache wazungushe.

Sasa ladha, na hapa naomba mnishike. Wafilipino hutia jani la pandani, ambalo sisi hatuna. Nilichemsha mchaichai kwenye tui jepesi, nikautoa kabla ya wanga, na nakuambia, acha kabisa. Harufu inafika kabla ya barafu kufika mdomoni. Halafu vanila, hii ya kwetu ya Mambasa na Beni inayosafirishwa kwenda kwa wenzetu wa mbali huku sisi tukiila mara chache. Pasua ganda, kwangua mbegu zile nyeusi ndogo, ziingie pamoja na tui zito. Katika barafu nyeupe unaziona moja moja. Kakao ya Mambasa nayo, kijiko kimoja na nusu kwa lita, inakuwa chungu kidogo, inayopendwa na watu wazima. Parachichi ndilo lililonishangaza. Kule wanalila na sukari na maziwa, tena wanaligandisha, wakati sisi tunalijua kwa chumvi na mkate. Liponde, lichanganye na uji wa nazi uliopoa, tia ndimu. Kijani cha kupendeza, laini mno, mafuta juu ya mafuta. Hii ndiyo ninayoiweka ya kwanza, hata mbele ya nazi tupu!

Si kila kitu ni dhahabu. Ile ya kutia maziwa mazito ya kopo, ambayo Wafilipino wengi wanaipenda, kwangu ni tamu mno na inaifunika nazi. Maziwa ya ng'ombe wa Djugu yaliyochemshwa, kikombe kimoja badala ya sehemu ya tui jepesi, yanatoa kitu kilicho karibu zaidi na ile sorbetes ya nyati. Tui la kopo linaganda laini lakini harufu yake imelala. Na nyuzi za dafu hatutazipata. Nilitia machicha badala yake na yalikuwa makavu kinywani, kwa hiyo mimi nayaacha nje, naweka vipande vidogo vya nanasi lililopikwa kwenye sukari. Hapo pengo halionekani.

Mama anayetafuta cha kuuza, sikiliza hapa. Huu ni mtindo wa kadogo kwa asili yake: nazi moja inagawanyika kwenye mifuko mingi midogo, kila mmoja kwa bei ambayo mtoto anaimudu, na nazi ikipanda bei unaongeza mahindi mabichi yaliyosagwa na kuchujwa, kama wanavyofanya Wafilipino wenyewe. Ya mahindi na nazi ni ya njano hafifu na ina utamu wa gunzi la kuchemsha. Pale karibu na shule, saa nne asubuhi, sioni itakavyobaki.

Ukiitoa kwenye friza usiivamie. Iache dakika mbili au tatu mkononi, ikianza kutoa jasho ibonyeze kwa vidole ulegee mfuko wote, ng'ata kona ya chini, siyo ya fundo, na usukume kutoka juu. Hiyo ya parachichi niwekee moja.