Kamera na Sikio

Tanzania iliitamani sinema yake mapema. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 Denmark ikasaidia kuanzishwa, Dar es Salaam, taasisi ya kufunza ufundi wa picha na sauti. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 kwa ngoma, muziki na maigizo, kiligeuzwa mwaka 2007 kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na filamu nayo ikapata nafasi katika mafunzo yake. Swali la mhakiki si wingi wa kamera. Ni hili: mwanafunzi hufunzwa lini kusikiliza?

Maangamizi (2001), filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar, inalo jibu. Amandina Lihamba, mwandishi wa tamthilia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaigiza Samehe, mgonjwa aliyeacha kusema. Kwa asiyejua uzito wa neno, ukimya ule ungekuwa pengo tu. Lihamba anaupa mizani, kama mshairi ajuaye pa kukata kipande.

Mafunzo hayo na yapimwe Kemambo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Kijana wa huko akishika kamera, picha hazimpi taabu: vifusi, uzio, mto Mara. Lakini akiwa amefunzwa jicho peke yake, ataweka msimulizi wa Kiswahili cha taarifa juu ya sauti za watu wanenao Kikurya. Mama anayelilia shamba lake ataonekana akifungua kinywa, asisikike. Atakuwa amenyang'anywa mara ya pili.

Bagamoyo ina bahati, kwani filamu inafunzwa ua mmoja na ngoma na maigizo. Hapana budi milango ya madarasa hayo iachwe wazi. Kabla ya kukabidhiwa kamera, mwanafunzi amrekodi mpiga litungu, ayaandike maneno yake, kisha ayafasiri kwa Kiswahili pasipo kuikata pumzi yake. Atakayeshindwa hapo, lenzi ya thamani haitamwokoa. Atakayeweza, maneno yatakayosomwa chini ya picha yatakuwa ya mama yule wa Kemambo mwenyewe.