Kiinitete cha Pili Hakikupaswa Kupandikizwa

He Jiankui, mwanasayansi wa China aliyehariri jeni za mapacha wakiwa bado viinitete, alipopanda jukwaani Hong Kong, Novemba 2018, wengi wenu mlibishana kuhusu maadili. Mimi macho yangu yaliganda kwenye mfuatano wa CCR5 wa wale mapacha, jeni inayotengeneza mlango ambao VVU hupitia kuingia kwenye seli, na hadi leo sijatulia.

Pacha mmoja: nakala moja imepungua herufi nne, nyingine imeongezeka moja. Usomaji umevurugika kote. Kwenye karatasi, jeni imezimika. Sasa mtazameni mwenzake. Nakala moja nzima kabisa. Ya pili imekatwa herufi 15. Kumi na tano! Jeni husomwa herufi tatu tatu, na 15 hugawanyika kwa tatu. Usomaji hausambaratiki hata kidogo: protini hutoka imepungukiwa asidi amino tano tu, na iwapo bado inakipokea kirusi cha UKIMWI, hakuwa amepima. Pembeni, nakala nzima inaendelea kutengeneza mlango uleule aliodai kuufunga.

Majibu hayo yalikuwa mezani kabla ya kupandikiza. Aliyasoma, akaendelea. Alijitetea kwamba wazazi walielezwa wakachagua wenyewe. Sikubali. Mzazi hapimi protini. Hiyo ni kazi ya maabara. Tena baba ndiye aliyekuwa na VVU, na kuosha mbegu za kiume kulikwisha kumkinga mtoto.

Alipima viinitete mapema, hilo nampa.

Wasomaji wa siku nyingi mnaujua ugomvi wangu na wanaoandika “jeni imezimwa” kwa kuhesabu herufi pekee. Kuzima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuonyesha kilichokosekana. Beadle na Tatum, mwaka 1941, hawakuwa na mkasi wa CRISPR. Walikuwa na eksirei na ukungu wa mkate. Wakaotesha spora mojamoja kwa subira, hadi ya 299 ikakataa kukua kwenye chakula cha kawaida. Walipoiongezea vitamini B6, ikakua. Hapo ndipo walipotamka ni kitu gani kimeharibika, si kabla. Ule ndio ufundi.

Na CCR5 maumbile yenyewe yalikwisha kuizima. Mwaka 1996 walielezwa watu waliopungukiwa herufi 32 katika nakala zote mbili, na VVU vya kawaida vikashindwa kuingia kwenye seli zao. Baadaye ikaonekana kwamba watu wa aina hiyo huumizwa zaidi na virusi vya West Nile. Kumbe mlango ule ulikuwa na kazi nyingine. He Jiankui hakuiga hata pengo hilo la 32 linalojulikana. Alitengeneza mapengo mapya, akayajaribia ndani ya mtoto.

Ukungu wa Beadle ukiharibika, unaotesha mwingine. Kiinitete kile kilibeba nakala nzima ya jeni iliyokusudiwa kuzimwa. Sababu hiyo moja ilitosha kukiacha maabara.