Orodha za msamiati zinawanyima wanafunzi fasihi

MAJUZI nilialikwa katika shule moja ya upili huko Msambweni kuzungumza na watahiniwa kuhusu karatasi ya Insha. Mwalimu wao akanipa madaftari kadhaa niyapitie. Nikakuta kijana mmoja ameandika habari za nyanya yake na, kwa mapenzi makubwa, amemwita "ajuza wangu mpendwa". Nilicheka, kisha nikasikitika. Ndani ya jalada la daftari palikuwa na orodha ndefu ya "msamiati mzito", na humo ajuza ameelezwa kuwa "mwanamke mzee". Basi, hakuna zaidi. Orodha haikumwambia kwamba neno lile lina makali, kwamba ukilitumia kwa bibi wa mtu mbele ya wajukuu zake utaonekana huna adabu. Maana alikuwa nayo, adabu ya neno hakuwa nayo.

Siku ya pili yake, mjini Diani, nilikutana na mkalimani kutoka Uchina, binti wa miaka ishirini na kitu, aliyesomea Kiswahili chuo kikuu kule Beijing. Lisikushangaze hilo, msomaji. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mnamo Septemba 1961, miezi michache kabla ya Tanganyika kujipatia uhuru. Mkononi alikuwa na nakala ya Siku Njema, pembezoni imejaa alama za penseli. Akanieleza kuwa Kiingereza alikisoma kwa mtindo ule ule wa kijana wetu wa Msambweni: maelfu ya maneno kwenye orodha, maana ya Kichina kando, akariri, afanye mtihani.

"Nilipita vizuri, Profesa," akasema, "lakini nikifungua riwaya ya Kiingereza nilikuwa sielewi ukurasa mmoja."

Kiswahili hakutaka kimfanyie hivyo tena.

Mtaalamu wa New Zealand, Paul Nation, pamoja na mwenzake Hu, walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya matini ndipo aweze kuielewa vyema na kukisia yaliyobaki. Yaani neno geni liwe moja tu katika kila maneno 50. Kwa Kiingereza, Nation alikadiria baadaye kwamba kufika hapo kwadai jamii za maneno 8,000 hadi 9,000, jamii ikiwa ni neno pamoja na vinyambuliwa vyake. Sisi tuna nafuu kidogo. Anayejua soma hashindwi na somesha, msomi, usomaji wala someka. Lakini kanuni ni ile ile: neno geni hujifunzwa pale linapozungukwa na maneno unayoyajua.

Hapa ndipo ninapotaka kuwasema waandishi wetu kidogo, maana lawama yote tumewatupia walimu. Marehemu Ken Walibora alizaliwa magharibi mwa Kenya, si Mswahili wa Pwani, na riwaya yake ya 1996 imempa msimulizi jina la Kongowea Mswahili. Kongowea anaanzia Tanga, kwa mamake Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, kisha anafunga safari hadi Kitale kumtafuta babake. Walibora anapenda neno la kitabuni, hilo halifichiki. Hata hivyo hadithi inakwenda, nawe unataka kujua kama kijana atampata babake, kwa hiyo neno gumu halikukwamishi. Unalipita, unakutana nalo tena mbele, mara ya tatu limekuwa lako. Yule binti alinionyesha maneno aliyoyawekea alama mwanzoni mwa kitabu, na ambayo kufikia katikati hakuyawekea tena.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei ni kazi nzito kimaudhui, nami naiheshimu. Ridhaa amepoteza aila yake katika ghasia za uchaguzi, nyumba imeteketezwa na jirani yake mwenyewe. Ila kwa maoni yangu, sura ya kwanza imebebeshwa maneno adimu kupita kiasi. Mtu yuko katika majonzi, mwanafunzi naye yuko kwenye kamusi. Hapo huwezi kumlaumu akikimbilia mwongozo, na mwongozo humpa nini? Orodha nyingine.

Wapo watakaoniambia kwamba fasihi haikuandikwa ili kufunza msamiati. Ni kweli, na ndiyo sababu inaufunza vyema: neno linakuja na mtu anayelisema, hasira yake, umri wake, anayeambiwa. Hebu tazama neno kaya. Kwa mtoto wa Kidigo aliyekulia karibu na Kaya Kinondo, hapo Diani, kaya ni msitu mtakatifu, maskani ya kale ya wahenga. Misitu hiyo ya Wamijikenda iliingizwa katika Turathi za Dunia za UNESCO mwaka 2008. Kwa karani wa sensa, kaya ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Zote mbili zinatoka katika wazo moja la mahali watu wanapoishi, lakini orodha itakupa moja tu, tena ile ya karani.

Yule binti alikuwa na swali lake pia: bamvua. Alilikuta katika hadithi fupi, kamusi ikampa maelezo ya maji na mwezi, hakuridhika. Nikampeleka diko la samaki, Gazi, kwa mzee mmoja mvuvi. Akamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akamwonyesha kwa mkono bahari inakofika mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu: inajaa hadi chini ya minazi, na ikipwa inakwenda mbali hadi kina mama wanatembea kwa miguu kutafuta pweza. Katikati ya nyakati hizo, akasema, ni maji mafu. Binti akafungua kitabu, akatafuta ile sentensi, akaisoma upya kwa sauti.

"Kumbe huyu bwana alikuwa anachelewa kurudi!" akasema. Mhusika alikuwa amevuka kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, na siku yenyewe ilikuwa ya bamvua.