Njano ya juu na njano ya chini

Mimea ya tangi la samaki ikianza kupoteza kijani chake, swali la kwanza huwa ni rangi: imekuwa ya njano, imepauka, au ina madoa? Rangi ni shahidi dhaifu. Nitrojeni ikipungua jani huwa la njano, chuma kikipungua ni njano, na magnesiamu ikipungua ni njano vilevile. Linalotenganisha ni pale njano ilipoanzia.

Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Yakiadimika, mmea huyanyonya kutoka kwenye majani yaliyokomaa na kuyapeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo majani ya chini ndiyo huumia kwanza. Chuma, kalsiamu, manganizi na boroni hayahamishiki kirahisi. Yakishaingia kwenye jani hubaki humo, na upungufu wake huonekana kwenye majani machanga. Mwenye kulijua hili ameshaondoa nusu ya washukiwa kabla hajafungua chupa yoyote.

Tangi ninalolichambua ni la lita 100, liko Unguja, na maji yake ni ya kisima. Lina Vallisneria, miche kadhaa ya Echinodorus, na Anubias iliyofungwa kwenye gogo. Majani mapya ya Echinodorus yalikuwa yakitoka yamepauka, mishipa peke yake ikibaki ya kijani. Majani ya nje, yaliyotangulia, hayakuwa na kasoro. Mwenye tangi alikuwa anafikiria kutia mbolea ya bustani, ile ya NPK. Hilo lingekuwa balaa: mbolea nyingi za namna hiyo zina amonia au urea, na katika maji yenye pH ya juu amonia huua samaki upesi sana.

Majani ya chini yalikuwa mazima, basi nitrojeni na magnesiamu zikaondoka kwenye orodha. Mishipa ya kijani kwenye jani changa huelekeza kwenye chuma au manganizi, na chuma ndicho hukosekana mara nyingi zaidi. Chuma chenyewe hakimo ndani ya klorofili. Katikati ya klorofili kuna magnesiamu. Ila bila chuma mmea hauwezi kuitengeneza. Mfaransa Eusèbe Gris alilionyesha hilo katika miaka ya 1840, alipopaka majani yaliyopauka chumvi za chuma yakarudi kuwa ya kijani.

Anubias haikuonyesha dalili yoyote, na hilo lisimpumbaze mtu. Mmea huu wa mito ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati hukua taratibu mno, kwa hiyo mahitaji yake ni madogo na taarifa yake huchelewa. Vallisneria nayo husomwa kinyume: jani lake hukua kutoka kwenye shina, hivyo ncha ndiyo sehemu kongwe. Nimeona watu wakiita njano ya nchani upungufu wa chuma kwa sababu tu iko juu karibu na taa.

Kitendawili kilikuwa hiki: mwenye tangi alikuwa akitia mbolea ya chuma kila wiki. Kibandiko cha chupa kilitaja EDTA, na jibu lilikuwa hapo. Chuma kikiachwa peke yake majini hugeuka kutu na kuzama, kwa hiyo watengenezaji hukifunga ndani ya kibebaji. EDTA hukishika vizuri hadi pH ya 6.5 hivi. DTPA hufika karibu 7.5. EDDHA huvumilia zaidi ya hapo, lakini huyapa maji wekundu usiopendeza. Visima vingi vya Unguja huchota kwenye miamba ya matumbawe, na maji yake hubeba kalsiamu nyingi. Kipimo cha tangi hili kilisoma pH inayokaribia 8. Hapo kibebaji huachia chuma na kushika kalsiamu. Chuma kilikuwa kinamiminwa, lakini mmea haukupata kitu. Chupa hiyohiyo ingefanya kazi yake Nairobi, ambako maji mengi ya bomba hutoka bwawa la Ndakaini na ni laini. Huko, kwa kuwa maji laini hubeba magnesiamu kidogo, njano ikianzia chini mimi ningeanza kushuku magnesiamu.

Jaribio la kuthibitisha hilo halikuhitaji gharama. Udongo mwekundu wa kina kirefu, usiowahi kutiwa mbolea, ulifinyangwa vidonge, ukakaushwa na kusukumwa chini ya mizizi ya miche miwili ya Echinodorus. Miche mingine iliachwa kama ilivyo, na hakuna kingine kilichobadilishwa. Chuma cha udongo huo ni oksidi isiyoyeyuka, lakini chini ya mchanga, ambako oksijeni haifiki, bakteria hukigeuza kuwa aina inayoyeyuka, na mizizi hukichukua. Wajerumani Kaspar Horst na Horst Kipper waliueneza udongo wa aina hii kwa wafugaji wa samaki katika miaka ya 1980.

Matokeo yalisomwa kwenye majani yaliyofuata tu, kwa kuwa jani lililokwishapauka huenda lisirudi kamwe. Miche miwili ilitoa majani ya kijani. Ile mingine iliendelea kupauka. Ndipo vidonge vikawekwa kote, na mbolea ya maji ikabadilishwa kuwa ya DTPA, kidogokidogo lakini mara kwa mara, maana kwa pH hiyo haidumu.

Baadaye majani ya nje ya Echinodorus yakaanza kuwa ya njano. Mwenye tangi alidhani dawa imeshindwa, kumbe ilikuwa njano nyingine. Mimea iliyopata chuma ilikua kwa kasi na kumaliza naitreti, yaani nitrojeni yake, na kipimo kilisoma karibu sifuri. Gramu 1 ya potasiamu naitreti katika lita 100 huongeza takriban miligramu 6 za naitreti na 4 za potasiamu kwa kila lita. Alianza na hiyo, akakata majani ya njano, akasubiri majani mapya kabla ya kugusa kitu kingine.